Mstari wa Thelathini na Tano

Kaka Salimu,

Amani ikufikie huko uliko. Mama ukimuuliza atasema hajambo, lakini hadi juzi chakula chake kilikuwa matonge mawili, na mchana kutwa alikuwa chumbani mwako. Mimi ningali nashona hapa Bombolulu. Huu ni mwezi wa tano tangu ukuta wa machimbo ya Mwakirunge ukuangukie, na nakuandikia kwa sababu nimeishika kompyuta yako. Lakini kwanza nina malalamiko.

La kwanza ni Ami Bakari. Siku ya hitima alitaka kaseti ya kurekodi dua. Akaitia kwenye redio ile yako uliyohifadhia mchezo wa kompyuta uliotunga, akasikia yale makelele ya kompyuta, kama bati linalokwaruzwa. "Hii imeharibika," akasema, akarekodi juu yake. Mchezo wako wote, kaka, umefutwa kwa dua ulizoombewa wewe mwenyewe. Nilipolalamika akanijibu, "We mwana, yeye sasa ahitaji mchezo au ahitaji dua?"

La pili ni wewe. Tangu yule mzungu wa Nyali akuachie kompyuta alipohama, ukaiunga na televisheni yetu, kila nikisogea ulikuwa ukiniambia, "Bi Fundi, shona. Hizi ni hesabu." Hesabu! Na jumla zako za malori ya mawe nani alikuwa akizisahihisha?

Limebaki daftari. Mchezo wenyewe haumo, mna kile ulichokiita kiunzi, mistari minane tu. Kumi, safisha kioo. Ishirini, weka mtu chini. Thelathini, weka jiwe juu. Kisha chora, uliza kibonye, shusha jiwe, tazama kama limempiga, rudi kuchora. Pembeni umeandika: "Nyumba ya udongo husimama fito kwanza. Namba ziende kumi kumi, nikisahau kitu nipate pa kukipenyeza."

Basi nikaanza, kidole kimoja. Kompyuta ikanikatalia mstari wa hamsini, nilisahau mkato. Nikaurudia, ikakataa tena. Mara ya tatu mtu akasimama. Nikabonyeza, akasogea kushoto, na mimi nikalia, kaka, wallahi, mkono ungali juu ya kibonye.

Halafu jiwe likampiga. Nikacheza tena, likampiga. Nikacheza mara ishirini. Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikahesabu mezani. Jiwe lafika chini kwa hatua nne. Mtu aliye chini ya katikati yake anahitaji tano kutoka. Nilihesabu mara tatu, jibu ni hilo hilo: hatua moja imepungua, hata awe na mbio kama swala.

Wajua nilimkumbuka nani? Msimamizi wenu. Alikuja matangani, akala wali wetu, akanawa, akamwambia Mama, "Marehemu alizubaa, mama. Wenzake walikimbia." Mama akaimeza kauli hiyo. Tangu siku hiyo ananiuliza, "Mwanangu alikuwa akiwaza nini hata asikimbie?" Ila wale wenzako waliniambia kwa siri kwamba wao walikuwa mbali, na kwamba honi ya kuwatahadharisha kabla ya baruti siku hiyo haikupigwa. Mbele ya watu hawatasema. Wana kazi za kulinda.

Nilifungua tena daftari. Kati ya thelathini na arobaini kulikuwa na nafasi, kama ulivyoiacha. Nikapenyeza mstari wa thelathini na tano: honi ilie, mtu apewe hatua tatu kabla jiwe halijatikisika. Tatu na nne ni saba. Tano zatosha, na mbili zabaki.

Nikamwita Mama, nikamshikisha kibonye. Honi ikalia, akashtuka, akabonyeza. Mtu akatoka. Jiwe likaanguka patupu. Nikaufuta ule mstari, nikamwambia acheze tena. Akabonyeza kwa nguvu zake zote, na likampiga. "Kumbe hakuzubaa," akasema. Usiku ule alikula.

Nimeurudisha mstari, nimeuhifadhi mchezo kwenye kaseti mpya, nimeandika juu yake kwa wino mwekundu: AMI, USIGUSE.

Pumzika, kaka yangu. Hitima yako ya mwaka msimamizi nitamwalika, nitamkaribisha wali kama kawaida, kisha nitamkalisha mbele ya televisheni, watu wote wakitazama. Nitampa kibonye acheze mpaka achoke. Nami nitakuwa nimeutoa mstari wa thelathini na tano.

Dada yako,
Mwanaisha