Kafi Ukutani

Kaka Hamisi,

Ijumaa tumekuswalia. Jeneza halikuwepo, wala kaburi. Shehe alisimama mbele, wanaume wa hapa Kitaya wakajipanga nyuma yake, wakakuswalia kama anavyoswaliwa maiti aliye mbali. Mimi na Mama tulikaa uani na wifi Somoe. Mimi ndiye niliyesema uswaliwe, kwa hiyo kama umekasirika, nikasirikie mimi.

Masika mawili yamepita tangu uvuke Ruvuma kwenda kuangalia mpunga wako, na mtumbwi ukaonekana umepinduka, peke yake. Walikutafuta mpaka maji yakapungua. Halafu kila mtu akaogopa kulitaja lile neno. Kila jioni Mama alikuwekea ugali na kichwa cha samaki chini ya kawa, asubuhi akawapa kuku. Mlango haukutiwa komeo. Na baada ya magharibi, kafi lako liligonga ukuta, kama ulivyozoea kugonga ukirudi. Nilidhani ni Mama peke yake anayesikia. Nilipokuja likizo nikalisikia na mimi.

Siku moja tulikuwa tunamenya mihogo, Somoe akaniuliza bila kunitazama, "Wifi, mimi mke wa nani?"

Niliendelea kumenya. Eda hajakaa, mume hana. Mkeo yule, Kaka, aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini, sasa ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ulipenda kunitania kwamba nimesoma mpaka Ulaya nikaishia kuchunga vumbi kwenye chupa. Hukuwa mbali na ukweli. Kompyuta ya kwantamu tunayoijenga inashikilia atomi moja moja kwa miale ya mwanga, kila moja kwenye nafasi yake, na hesabu imegawanywa kati yao. Ukiichungulia hesabu yenyewe, inaharibika. Sasa, kuna atomi huponyoka ikapotea. Mashine isipojua, inaendelea kuitegemea kana kwamba ipo, na kosa linahamia kwa jirani zake, mmoja baada ya mwingine. Kazi yangu ni kubuni sehemu ya mashine inayouliza jambo moja tu: ipo au haipo? Basi. Ikishajulikana kwamba nafasi ni tupu, waliobaki wanatosha kuirudisha hesabu. Nimewaeleza watu hayo mara nyingi, nimesimama ukumbini, sauti haitetemeki. Nilikuwa sijawahi kuyasikia mpaka siku ile, na muhogo mkononi.

Jioni hiyo nikamwambia Mama, "Mama, Hamisi amefariki. Aswaliwe."

Nilitaka anipige. Nilitaka aseme nimekosa adabu, kwamba nimezoea mashine nimesahau watu. Yeye alifunua kawa, akakila kile kichwa cha samaki mwenyewe, taratibu, akafyonza mpaka mifupa. Kesho yake akamwita shehe.

Somoe ameingia eda. Majirani wanakuja kumpa pole sasa, wale waliokuwa wanampita njiani kwa kutojua wamwambie nini. Jana alicheka kidogo. Akaziba mdomo haraka.

Lakini jana hiyohiyo, baada ya magharibi, uligonga tena. Tulikuwa watatu ndani na sote tuliinua nyuso. Kwa hiyo sikuwa naota. Mama akainuka, nikajua anakwenda kukufungulia, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka akufungulie. Alifika mlangoni akasimama. Kisha akatia komeo. Akarudi kwenye mkeka akalia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu ulipoondoka.

Kule kazini nafasi ikibaki tupu tunaleta atomi nyingine. Hapa siwezi, na sitajaribu. Ila eda ikiisha, akija mtu mwema kumposa Somoe, nakuahidi mimi ndiye nitakayemfungulia mlango.

Pumzika, Kaka. Usigonge tena. Na kama huwezi kuacha, ujue tunakusikia, sote watatu, na hatufungui.

Mdogo wako,
Fatu