Ngazi ya Kumshushia Bwana Saa

Machi 4

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mama. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika, lakini mgongo wa mfua mashuka ukinyamaza ujue mwenyewe ameshakufa. Miguu ya mama inaendeleaje? Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu unaiweka karibu na kitanda chake, na haya sitaki ayasikie.

Yule mnyapara wetu wa hapa kiwanda cha kufulia, Bwana Saa, amevuliwa unyapara. Jina hilo tulimpa sisi, maana alikuwa akisimama nje ya choo na saa mkononi, ukikawia anagonga mlango. Meneja mpya kaja, kakuta mtambo wa kukaushia umeungua kwa uzembe wake, kamrudisha chini kukunja mashuka. Na aliyewekwa juu yake ni mimi.

Unakumbuka baba alipofariki nilimwomba ruhusa nije kuzika. Alinijibu mbele ya zamu nzima: "Baba yako ameshakufa, hatafufuka kwa kukuona. Haya mashuka je, yatajikunja?" Watu wakacheka kwa woga. Leo anayakunja yeye.

Kuna jingine. Sisi wasimamizi wapya tulipelekwa semina. Mama mmoja wa ofisini alituchorea ngazi ubaoni. Chini kabisa ni chakula na usingizi. Juu yake usalama, mtu ajue kesho ana kazi. Halafu kuwa na watu wako. Halafu heshima. Na kileleni, mtu awe kile alichojaliwa kuwa. Akasema mshahara peke yake haumfanyi mtu afanye kazi kwa moyo, tazama amesimama ngazi gani, umpandishe. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikuwa macho kodo. Anayejua ngazi ya kumpandishia mtu, anajua na ya kumshushia.

Unasemaje?

Mdogo wako.


Machi 19

Mdogo wangu,

Tunashukuru kwa salamu. Sisi tupo. Miguu ya mama imevimba zaidi, sasa hawezi kuinuka bila mtu. Cherehani nimeirudisha kwa mwenye duka, siwezi kuwa dukani na hapa kwa wakati mmoja. Lakini hayo ni ya huku.

Barua yako niliisoma jikoni, maji yakachemka mpaka yakakauka. Siku ya maziko waliniuliza, mtoto wa kiume yuko wapi? Nikasema yuko njiani. Wakasubiri. Jua likapanda, watu wakaanza kunitazama mimi badala ya kaburi. Mwisho wakasema, haya, tupa udongo wewe. Nilisema uongo mbele ya baba yangu, na aliyenisemesha ni huyo mnyapara wako.

Sasa sikiliza. Usianze na chakula. Mwenye njaa watu humhurumia, utamfanya shujaa bure. Anza juu. Mvue heshima, kisha mvue watu. Kazi mwachie, ili awepo aone.

Dada yako.


Aprili 27

Dada,

Habari za siku nyingi? Pole na mama, mwambie namwombea.

Nimefanya ulivyosema. Kile kiti alichokuwa akikalia karibu na dirisha nimekitoa. Akitaka kwenda choo ananiomba mimi, namwambia ngoja kidogo, na hicho kidogo nakipima kwa kumtazama miguu. Siku hizi watu wanamwita Saa Mbovu. Mzee wa mashine za kufulia alimwuliza, "Saa ngapi sasa, mzee? Au umesimama?" Zamu nzima ilikaa chini kwa kicheko.

Halafu nikamvua watu. Hapa shuka hukunjwa na wawili, mmoja huku, mwingine kule, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzi wako wa shuka ni zaidi ya shemeji, anajua umelala vipi na umeamka na nani. Nikatangaza kwamba yeye hana mwenzi. Anashika ncha kwa kidevu na kupanua mikono kama mtu anayesulubiwa, na bado upindo unafagia sakafu. Shuka likigusa sakafu linarudi kufuliwa. Namwambia tu, "Rudisha." Hata sauti siipandishi.

Wengine nawapandisha. Mlango wa choo nimeutia komeo la ndani. Mama Mvuke, yule wa pasi kubwa ya mtambo, nilimwuliza anahitaji nini, nikidhani atasema nyongeza. Akasema kigoda, magoti yamemwishia. Nikampatia. Mzee wa mashine alitaka tu asiitwe "wewe". Namwita Baba Mapacha, na ananifulia kwa mbwembwe. Meneja anasema zamu yetu ndiyo ya kwanza kiwandani. Yule mama wa semina hakudanganya.

Mdogo wako.


Mei 15

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu. Nimecheka mpaka mama akauliza kuna nini. Nikamwambia ni mwanao ananichekesha. Hakujua kwamba tangu nirudishe cherehani sijacheka.

Mimi nami nakunja mashuka peke yangu siku hizi, ya mama, mengine hata mara tatu kwa siku. Kumgeuza ni kazi ya watu wawili. Jirani huja akipata nafasi.

Hiyo ya kidevu nimeipenda. Lakini bado ana kibarua, na mwenye kibarua hulala. Hiyo ndiyo ngazi ya usalama, au nimeelewa vibaya? Mtishe nayo. Mwambie kila Jumatatu kwamba hujui kama Ijumaa atakuwepo.

Dada yako.


Juni 22

Dada,

U hali gani? Mimi afya njema, moyo tu ndio haujatulia.

Nilimtisha kama ulivyosema. Kila Jumatatu, mbele ya watu. Mwanzo walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Kisha kazi ikaanza kulegea, na si yake, ya wote. Nikiingia chumba cha kulia, maneno yanakatika, utadhani nimefunga bomba. Baba Mapacha ananiitikia "ndiyo msimamizi", na mashuka yanatoka na madoa.

Nilimvuta pembeni Mama Mvuke. "Mama, nimewakosea nini? Kigoda si nilikupa?"

"Ulinipa, mwanangu."

"Sasa?"

"Sasa nakikalia huku namtazama yule. Ulichompa mtu kwa mkono wa kulia waweza kukichukua kwa wa kushoto. Leo yeye, kesho sisi. Kigoda hakikaliki hivyo."

Semina hawakutuambia hilo. Walichora mtu mmoja na ngazi yake. Hapa ngazi ni moja, tumeipanda wote, ukimtikisa aliye chini, anayumba na aliye juu.

Na jana Bwana Saa amenijia. Mama yake yu mahututi kwao, anaomba ruhusa aende. Hakupiga magoti, hakulia. Alisema: "Najua utakachonijibu. Naomba unijibu mbele ya watu, kama nilivyokujibu mimi. Tumalizane."

Nimemwambia nitafikiri. Niambie, dada.

Mdogo wako.


Julai 1

Mdogo wangu,

Huku tupo. Nakujibu haraka.

Mkatalie. Kwa maneno yaleyale, usipunguze hata moja. Kisha niandikie alivyotazama.

Dada yako.


Julai 10

Dada,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na mama pia.

Yako imefika nikiwa nimeshamjibu. Sikuweza kungoja, mtu alikuwa anakata roho.

Niliwaita wote, mitambo ikazimwa. Yeye akasimama mbele yangu, shuka mkononi, na nikaona uso wake, dada. Alikuwa anangoja. Alilitaka lile jibu. Nikimkatalia tumelipana, baba kwa mama, na kuanzia kesho analala usingizi kama mtu yeyote. Nikajiuliza, kwa nini nimpe usingizi?

Nikasema: "Nenda kwa mama yako, na ikibidi umzike. Nafasi yako ipo. Sijakusamehe."

Akaliweka lile shuka sakafuni, yeye mwenyewe, akatoka. Nimemuumiza kuliko kidevu na choo na Jumatatu zote. Amerudi juzi, amezika, hawezi kunitazama. Atakula na kulala na ruhusa yangu kifuani mpaka afe. Na zamu imerudi kama zamani. Mama Mvuke ndiye mwenzi wake wa shuka sasa, wamejipanga wenyewe, nikaacha. Jana Baba Mapacha alinitania tena.

Najua ulitaka maneno yaleyale. Lakini hiki nilichomfanyia ni kikali zaidi, utaona ukifikiri. Nimelipa kwa ajili yetu wote.

Meneja anataka nifundishe wasimamizi wengine nilivyowapandisha watu wangu.

Mdogo wako.


Agosti 3

Mdogo wangu,

Salamu. Hali yangu hukuniuliza vizuri, kwa hiyo nitakueleza bila kuulizwa.

Nimefikiri kama ulivyoniambia. Nimefikiri nikimwosha mama, nimefikiri nikimlisha. Umeniambia umelipa kwa ajili yetu wote. Mimi sikulipwa. Kitu kimoja tu nilikiomba, maneno machache ambayo hata hukuhitaji kuyatunga, na ulimpa yule mtu siku za kumzika mzazi wake, siku ambazo kwa baba yetu nilizibeba peke yangu ilhali wewe upo duniani. Ukaona hilo ni kali. Kali kwake labda. Huku limefika kama zawadi kwake.

Lakini si hilo peke yake. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Unajua Mama Mvuke anahitaji nini. Unajua Baba Mapacha anapenda kuitwaje. Huyo Bwana Saa umemsoma uso mpaka ukajua anataka kukataliwa. Nilikuandikia kwamba nimerudisha cherehani, ukaniambia pole na mama. Nilikuandikia kwamba kumgeuza ni kazi ya watu wawili, ukaniuliza u hali gani. Katika watu wote uliowauliza wamesimama ngazi gani, mimi simo.

Basi nitajipandisha mwenyewe. Mwenye duka amehamia mji mwingine na anahitaji mshonaji, ana chumba. Basi langu linaondoka kesho alfajiri, barua hii naiacha kwa dereva wa njia ya kwenu, atakukabidhi mkononi kesho kutwa. Mama nimemwambia unakuja. Amefurahi sana, ametaka nimsuke nywele.

Jirani atamtunza mpaka Jumapili. Nimepatana naye hivyo, na Jumapili jioni anafunga mlango wake, ana wazee wake pia. Mama ageuzwe kila baada ya kula, upande wa kushoto una kidonda, usiuegemeze. Dawa ziko dirishani. Anapenda uji uwe wa moto.

Ruhusa omba kwa meneja wako. Akikukatalia, waambie watu wako wa zamu wakusaidie kumkasirikia. Simu nimeizima.

Dada yako.