Ni Jina Tu, Ulisema

Kaka yangu,

Nyumba ya Mwanjelwa si yangu tena. Nimeona nikuambie wewe kwanza, maana wewe ndiye uliyenipa, ingawa hukunipa. Nimerudi jana kutoka Mbeya, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, na leo sijagusa cherehani. Wateja wamepita, wameona mlango umeegeshwa, wakaenda zao. Nimekaa hapa Ipogolo na kalamu, namwandikia mtu ambaye mwaka wa pili sasa amelala kilimani karibu na mama. Usinicheke. Nimechoka, na wewe sasa ndiye pekee unayenisikiliza bila kunikatiza.

Unakumbuka majivu ya jikoni kwa mama? Wewe ulikuwa umeanza shule, mimi bado kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwenye mahindi. Ulikuwa ukitandaza majivu chini kwa kiganja, unashika kidole changu, unakiongoza mpaka jina langu linatokea. Nikikosea unafuta, tunaanza upya. "Siku moja utaliandika mahali pa maana," ulikuwa unaniambia. Mama alitugombeza kwa kuchafua sakafu, nawe ukasema ni mimi niliyeanza. Basi jina langu nililijua kuliandika kabla ya kitu kingine chochote, na mwalimu wangu ulikuwa wewe. Ndiyo maana ulipokuja baadaye kuliazima, nilishindwa kukunyima.

Mlikuja Jumapili baada ya ibada, wewe na wifi. Nilikuwa nimepika ugali na kunde, na wifi, kwa utani wake wa Kinyakyusa, akasema Wahehe tungejua kupika ndizi tungekuwa na roho nzuri zaidi. Wewe hukucheka. Ulikuwa umetoka kuteuliwa, kutoka ualimu hadi ofisi ya wilaya, na mfukoni mwa shati ulikuwa na fomu ya miiko ya uongozi imekunjwa mara nne. Ulinisomea. Kiongozi asiwe na mishahara miwili. Asiwe na hisa kwenye kampuni. Asiwe na nyumba ya kupangisha, na mkewe vilevile. Nanyi mlikuwa na nyumba ile ya Mwanjelwa, vyumba sita, mlivyojenga wakati ungali mwalimu. Wifi alibeba matofali yake kichwani kutoka mtoni, mimba ya Tumaini ikiwa ya miezi saba.

"Si tuiuze tu, baba Tumaini, tulale usingizi?" wifi alisema.

"Cheo hakina mizizi," ulimjibu. "Kikiondoka, watoto watakula nini?"

Ndipo ukanigeukia. Ulisema nyumba itaandikwa kwa jina langu. Ulisema mimi nimeachika, sina mume wa kuja kuidai. Ulilisema hilo polepole, kama mtu anayesifia, nami nililimeza pamoja na kunde. Nikakuuliza, je, likinishinda? Ulicheka sasa. "Litakushindaje jina lako mwenyewe? Ni jina tu, mdogo wangu. Jina halina uzito."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kaka. Ulikuwa mwepesi kwako.

Ngoja nikuambie uzito wake, kwa sababu ulipokuwa hai ulikuwa na haraka daima. Choo kilipotitia, bwana afya hakukutafuta wewe, alimtafuta mwenye nyumba. Barua ilifika hapa Ipogolo na muhuri, ikasomwa kwa sauti na karani wa kata mbele ya watu waliokuja kununua nyanya. Nilipanda basi, nikaenda kusimama mbele ya wakubwa kueleza habari za choo ambacho sijawahi kukiingia. Kodi ya kiwanja ilipochelewa, niliitwa mimi. Mpangaji aliyefanya kazi reli alipompiga mkewe, majirani walisema mwenye nyumba aje aamue. Pale Mwanjelwa wote walinijua: Mama Mwenye Nyumba. Wauza vitunguu waliniongezea bei kwa ajili ya heshima hiyo. Na huku kwangu bati lilikuwa linavuja juu ya kitanda, nalala na sufuria pembeni.

Pesa ya pango nilimkabidhi wifi mkononi, yote, kila nilipokwenda. Hilo unalijua. Sikulalamika, ila nilianza kuchoka tangu hapo, uchovu ambao usingizi hauutoi.

Halafu mtu akakuchongea kwa wakubwa kwamba nyumba ni yako. Mpaka leo sijui ni nani, na sitaki kujua. Ulikuja kunichukua mwenyewe kwa gari la ofisi, njia nzima toka Iringa hadi Mbeya tunaongea habari za mahindi. Tulipopita Chimala ukaniuliza mara mbili kama sina njaa. Nilijua basi kuna jambo.

Nakumbuka chumba kile cha mahakama kuliko ninavyokumbuka ndoa yangu. Hakimu mwembamba mwenye mafua. Karani na mashine yake ya kuandikia. Wewe kwenye benchi karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Nilishika Biblia, nikaapa kusema kweli tupu, na hakimu akauliza, "Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni ya kwetu," nikasema.

Na kaka, ile ilikuwa kweli. Ndivyo tulivyolelewa. Nani nyumbani aliwahi kusema mama yangu, shamba langu, mbuzi wangu? Tulisema mama yetu hata mtu akiwa peke yake. Nilidhani nimepata neno la kutuokoa wote wawili, wewe na roho yangu. Lakini karani aliinua vidole kwenye mashine.

"Mama, hapa hakuna kwetu. Fomu haina kwetu. Yako, au si yako?"

Nilikutazama. Ulikuwa unatazama viatu vyako. Kama ungeinua macho, hata kidogo, sijui ningesema nini. Hukuinua.

"Yangu," nikasema, na mashine ikagonga.

Nje ulinishika bega. "Ahsante, mdogo wangu. Umeniokoa." Ulininunulia doti ya khanga sokoni. Sikuwahi kuivaa, nimefunikia cherehani. Na kanisani nilikaa nyuma mwaka mzima bila kusogea kwenye Meza ya Bwana. Mchungaji aliniuliza kulikoni, nikamwambia naumwa tumbo. Mwaka mzima, tumbo.

Ninyi viongozi mlikuwa mkisema kwenye mikutano, nami nilikusikia ukisema kwa sauti ile nzuri: cheo ni dhamana. Nilikuwa nikijisemea moyoni, ni kweli, cheo ni cha kaka na dhamana ni mimi. Nilikukasirikia, kaka. Nilikupenda na nilikukasirikia, na vyote viwili bado ninavyo.

Ulipofariki walikuja watu wengi. Mkubwa wako alisimama kaburini akasema marehemu alikuwa na mikono safi, hakujilimbikizia, hakuacha hata chumba kimoja cha kupangisha. Watu wakaitikia. Wifi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na watoto wanne, akijua kwamba nyumba ya serikali wanayokaa watatakiwa kuihama. Aliinua kichwa akanitazama mara moja tu. Hakuniomba kitu. Baadaye akachukua watoto akaenda kwao Tukuyu, akakaa kwenye chumba cha mama yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningekuwa mbele yako nisingeweza. Nilitaka nyumba ile ibaki kwangu. Baba mdogo alinijia, akakaa hapa hapa kwenye kiti cha wateja. "Sheria inasema yako. Uliapa. Ukimpa huyo mwanamke, kesho inakwenda Unyakyusani." Sikumfukuza. Nilimpa chai. Pango la miezi mitano sikulipeleka Tukuyu, nikanunua bati na nikaezeka hapa kwangu. Nikawa nalala bila sufuria pembeni, mvua inapiga juu, na nasema moyoni: si ni yangu? Si karani mwenyewe alisema? Niliona haya asubuhi, lakini usiku nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Kilichoniondoa hapo ni jambo dogo. Tumaini aliniandikia barua kuomba nimshonee sketi ya shule, na akaniambia nisijali kitambaa, hata cha vipande kitafaa, maana shangazi una majukumu mengi ya nyumba yako. Nyumba yako. Hakuandika kwa kejeli, mtoto yule hana kejeli. Alikuwa anaamini.

Basi wiki iliyopita nilimwita wifi tukutane Mbeya, ofisi ya ardhi. Amekonda. Karani wa safari hii ni kijana mpole. Aliniuliza sababu ya kuhamisha miliki. Kinywa changu kilikuwa tayari kusema: namrudishia mwenyewe. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaelewa. Nikisema narudisha, maana yake niliapa uongo, na wewe ulisaini uongo, na yale yote yaliyosemwa kaburini yatafukuliwa.

"Kuna kuuza na kuna zawadi," karani alisema. "Nijaze ipi?"

"Jaza zawadi," nikasema.

Akajaza. Akasema anayepokea athibitishe mbele yake kwamba amepokea kwa hiari. Na wifi yangu, aliyebeba matofali ya nyumba ile kichwani, aliyepika uji wa mafundi, aliyetaka iuzwe ili alale usingizi, alishuka kwenye kiti akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Ndaga fijo, wifi," alisema. "Asante sana kwa zawadi yako."

"Mama, una moyo wa pekee," karani akaniambia. "Siku hizi nani anagawa nyumba?"

Nilitia saini. Jina langu, herufi zile zile za kwenye majivu. Kijana akanishikia karatasi.

Tulipotoka nilimshika wifi mkono, nikamwuliza kwa nini amenifanyia vile, kwa nini apige magoti kwa ajili ya kitu chake mwenyewe.

"Karani alikuwa anatazama," alisema. "Sikupiga kwa ajili yako, wifi. Nimepiga kwa ajili ya jina la mume wangu." Kisha akapangusa vumbi la magotini, akaniuliza kama nimekula.

Nilimwambia habari za bati, pale pale barabarani. "Miaka mingapi umevujiwa kwa ajili yetu?" akasema. "Acha bati likae." Tulikwenda Mwanjelwa kwa miguu. Mpangaji wa chumba cha mbele alitoka kunipokea mfuko, akasema karibu, Mama Mwenye Nyumba. Nikamwonyesha wifi. Nikasema, mwenye nyumba ni huyu. Lilinitoka kwa urahisi, kaka, baada ya miaka yote hiyo. Wifi aligusa ukuta kwa kiganja, akasema plasta imeanza kumong'onyoka upande wa jua.

Leo ndiyo nimekaa. Sina barua ya bwana afya ninayoisubiri. Sketi ya Tumaini nitaishona kesho, kwa kitambaa kizima. Sikuombei mabaya huko uliko, na sina hasira ya kubeba tena, sina mgongo wake. Ulikuwa kaka mwema na uliniogopesha kukukatalia, na hukujua kwamba hayo ni mambo mawili. Jumapili nataka nimwambie mchungaji kwamba halikuwa tumbo. Sijui nitaanzia wapi, maana nikijitaja mimi nitakuwa nimekutaja na wewe, na wifi ameshapiga magoti.

Pumzika, kaka. Nyumba nimeirudisha. Kiapo sijui pa kukirudisha.

Mimi mdogo wako,
wa Ipogolo