Mpaka Quirós Arudi

Ashford, Ohio
8 Juni 1986

Mwanangu Dorota,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo Glenn na kwa mjukuu wangu, bibi mdogo Wanda. Hamjambo huko jangwani? Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa goti, ambalo linalalamika mvua ikikaribia. Moyo ndio mgonjwa, na aliyeniletea ugonjwa ni yule yule, Bwana Whitcomb.

Amemtoa Quirós! Anselmo Quirós, mrushaji mpira bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Korongo, timu yetu ya besiboli, amepelekwa kwenye timu ya wale watu wa Indiana. Na sisi tumepewa nini? "Mchezaji atakayetajwa baadaye." Ndivyo gazeti lilivyoandika. Najua ndiyo desturi ya biashara hii, lakini kwa Quirós? Ni sawa na kumpa jirani gari lako, naye akuahidi kwamba siku moja atakuletea kitu. Wewe ulipojifungua mbona hukututangazia mtoto atakayetajwa baadaye?

Tangu bwana huyu ainunue timu yetu ameng'oa benchi za mbao, amefunga lango la Mtaa wa Vine ili sote tupite mbele ya duka lake la fulana, na soseji sasa zinachemshwa badala ya kuchomwa. Yote hayo niliyameza. Soseji ya kuchemsha niliimeza, Dorota!

Lakini hili limenikaba. Nikapiga simu redioni, kile kipindi cha mashabiki. Nikasema, "Mimi ni Casimir Pruszynski wa Mtaa wa Vine, na sikanyagi uwanja ule mpaka Quirós arudi." Mtangazaji akaniuliza, "Na asiporudi, mzee?" Nikamjibu, "Basi mtanizika bila kuniona huko." Sasa Dombek kinyozi ananiita Mzee Kiapo, na wateja wake wote wanaitikia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungecheka.

Ni mimi,
Baba yako


Tucson, Arizona
19 Juni 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, na pole zaidi na Quirós. Sisi hatujambo, ila joto la huku linataka kutukaanga. Kwenye barua pia nimecheka, hadi nikamwamsha mtoto.

Sasa nisikilize bila kupandisha sauti. Tunakuja Agosti, mimi na Wanda. Unajua kwa nini. Mama alikuwa akisema mtoto wa kwetu anayeingia uwanjani kwa mara ya kwanza akiwa na meno ni mgeni tu. Mimi nilipakatwa na Babu pale nikiwa kibogoyo, na wewe ulipakatwa na babu yako kabla hata uwanja haujawa na taa. Wanda naye lazima apakatwe na babu yake. Glenn anasema hajawahi kusikia ukoo wenye desturi ya ajabu namna hii. Nimemwambia anyamaze, yeye ni mtu wa mpira wa kikapu.

Kiapo chako cha redioni kinaweza kupumzika siku moja, sivyo?

Mwanao akupendaye,
Dorota


Ashford
1 Julai 1986

Dorota mwanangu,

Nimefurahi kusikia mnaendelea vizuri. Goti halijambo. Korongo ni hoi, tumefungwa wiki nzima, na huyo wa kutajwa baadaye bado hajatajwa.

Mwanangu, mimi kupumzisha kiapo siwezi. Mji mzima ulinisikia. Nikiingia tu, Whitcomb atasema, "Mnaona? Wanapiga kelele, kisha wanarudi na pochi zao." Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha mgongo lazima uendelee kutembea.

Lakini nimefikiria jambo. Mlete mtoto barazani kwangu. Nitampakata, nitawasha redio, nitachoma soseji za kweli. Taa za uwanja zinaonekana kabisa kutoka hapa. Si itakuwa vilevile?

Baba yako


Tucson
10 Julai 1986

Baba,

Shikamoo. Sote wazima.

Hapana, haitakuwa vilevile. Kuna viti viwili pale upande wa kushoto, chako na cha Mama. Mama alikaa kwenye kile cha kwake mpaka mwaka aliougua, akiwa na blanketi magotini na koo limemkauka kwa kumzomea mwamuzi. Nimempa mwanangu jina lake. Nilitaka kukaa pale, wewe pembeni yangu, yeye mapajani mwako. Ni hilo tu nililolitaka mwaka huu mzima.

Huyo Whitcomb amekunyang'anya benchi, lango na soseji. Sasa unampa na siku ya mjukuu wako, tena kwa mkono wako mwenyewe.

Nitakwenda naye peke yangu. Udenda unamtoka kama bomba lililopasuka na anatafuna kila kitu, meno yako karibu kuota, kwa hiyo siwezi kungoja Quirós arudi.

Dorota


Ashford
9 Agosti 1986

Mwanangu Dorota,

Hujambo? Mtoto hajambo? Sijakuandikia muda mrefu. Barua yako niliiweka chini ya redio, na kila nilipoiwasha niliiona. Iliniuma, kwa sababu ulisema kweli, na bado sikujua la kufanya.

Lakini leo naandika kwa hasira nyingine kabisa. Mchezaji ametajwa! Keti chini kwanza. Wale wa Indiana walitakiwa kutuletea mtu wao mmoja kukamilisha mapatano. Wametazama huku na huku, wakaona bega la Quirós limewasumbua, basi wametuletea Quirós. Yeye mwenyewe! Whitcomb amemuuza Quirós na bei aliyolipwa ni Quirós! Tumekaa bila mrushaji majira mazima ya joto ili turudishiwe kilichokuwa chetu, tena kikiwa na bega bovu.

Dombek alicheka mpaka akamkata mteja sikio kidogo. Mimi nimeipigia kelele redio iliyozimwa. Jamani, mtu mwenye akili namna hii alipataje pesa ya kununua timu? Sijawahi kuona aibu kama hii tangu nizaliwe.

Nitakuja kuwapokea. Lango la uwanja ndilo sijui.

Baba yako


Tucson
14 Agosti 1986

Baba,

Shikamoo. Soma barua yako mwenyewe, kisha ukumbuke ulichosema redioni. Ulisema mpaka nani arudi?

Usiniambie kwamba hukusema arudi kwa njia hiyo. Amerudi. Bwana Whitcomb amekufungulia lango kwa ujinga wake mwenyewe, wala hajui.

Wanda bado ni kibogoyo. Nimechungulia asubuhi hii. Tunafika tarehe ishirini na mbili. Chukua blanketi la Mama.

Mwanao,
Dorota


Ashford
2 Septemba 1986

Mwanangu mpenzi,

Natumai mmefika salama na bibi mdogo hakuwasumbua abiria. Nyumba imekuwa kimya tangu mwondoke, nami sikipendi kimya chake. Goti linauma kwa zile ngazi za uwanjani, na ninalifurahia.

Dombek ameniuliza kama nimevunja kiapo. Nimemwambia, "Kiapo kimetimizwa, tena na Whitcomb mwenyewe, mshukuru." Akaninyoa bure.

Bado namtaka Whitcomb auze timu. Kila nikikumbuka umati ule wote ukiimba "Uza timu!" Quirós alipotoka kurusha, na yeye amejificha nyuma ya vioo vya chumba chake cha juu, damu inanichemka vizuri. Lakini nilikuwa mpumbavu kudhani uwanja ule ni wake. Nilipokaa na Wanda mapajani, na wewe kwenye kiti cha mama yako unamtukana mwamuzi kwa sauti ile ile, nililia, Dorota. Uliona, ukasingizia moshi wa soseji. Soseji zenyewe zilikuwa za kuchemsha.

Kuna jambo sikukuambia. Ulipokwenda kununua vinywaji, Quirós alimtoa mpigaji mkubwa wa timu pinzani, mimi nikaruka na goti langu, na Wanda akaning'ata kidole. Akaning'ata sawasawa. Nilipapasa. Jino lilikuwepo, dogo, kali, upande wa chini. Huenda lilitoka pale pale, huenda alikuja nalo kutoka Arizona. Siku hiyo mwamuzi nilikuwa mimi, na nimeamua kwamba mtoto aliingia bila jino.

Tiketi za mwakani nimeshaagiza. Viti vitatu.

Babu yake Wanda,
na baba yako