Pikipiki ya Nchi ya Baridi

Jumatatu, 4 Machi 1985

Kliniki ya watoto mpaka saa nane. Tumenawa kwa majivu. Sabuni zimeanza kuonekana sokoni Bunda, zinatoka ng'ambo ya mpaka, lakini zahanati haina fungu la kununua.

Mshikio wa kulia wa pikipiki umenichoma tena. Wafadhili wa misheni waliiendesha kwao kwenye theluji, ndiyo wakatuletea. Ndani ya mishikio kuna nyaya za kupasha viganja joto. Huko baraka. Hapa, jua la Machi, ni mateso. Pembeni kuna kiswichi chenye picha ya theluji. Nimekizima tangu nilipokabidhiwa. Hakisikii.

Jioni Mzee Wambura, mwenyekiti wa kijiji huko Mugeta, alifika kwa baiskeli. Vumbi mpaka kwenye kope. Surua. Amesema, "Nesi, jana tumezika. Leo nimeacha wengine wanachimba." Hakukaa. Mjukuu wake bado mzima, anataka apate chanjo kabla ugonjwa haujafika kwake.

Nimemwahidi Ijumaa. Chanjo inatoka Musoma Alhamisi.

Sikupenda nilivyoahidi haraka.

Jumanne, 5 Machi

Pikipiki nimempelekea shemeji Mazigo, mdogo wa marehemu mume wangu. Kibanda chake kiko nyuma ya mashine ya kusaga. Tangu tumzike kaka yake ananichunga kama yai. Wakati mwingine inanichosha.

Alifungua kiswichi. Ndani kumeyeyuka, vyuma vimeshikana. Hata ukizima, hakijazimika. Spea hakuna, Bunda wala Musoma. Akakata waya wa mshikio wa kushoto. Cheche ikaruka, karibu na tangi. Tulinusa petroli wote wawili. Akafuta mikono, akasema kesho.

Usingizi hauji vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Kushoto kumepoa. Kulia kunachoma hata funguo ikiwa mfukoni mwangu. Asubuhi betri imekufa. Nimesukuma pikipiki mpaka kwa Mazigo, watu wakicheka. Mama mmoja muuza dagaa hakucheka. Alishika mshikio, akaurudisha mkono haraka, akaufutia kwenye kanga. Akauliza kama aliyeiendesha kwanza bado yuko hai. Sijui. Nimemwambia yuko hai.

Mazigo alifungua kiti. Mahali pa fyuzi, ya kukata umeme ukizidi, pana karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa ikasokomezwa. Nani aliiweka, huko kwa wafadhili au bandarini, hatutajua. Aliitazama, akainama akatazama na chini ya tangi.

"Shemeji, hii usiiendeshe."

"Si ukate huo waya wa kulia?"

"Nitaukata. Tatizo liko chini ya tangi. Huko waya umechubuka, na ni huohuo unaopeleka umeme kwenye injini. Huo nikiukata, injini inazima. Mpaka nishushe tangi nivute waya wote."

"Lini?"

"Jumamosi. Nati zake si za spana zangu. Nimeagiza."

Nikamwambia chanjo haingoji Jumamosi. Friji yetu ni ya mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayajaonekana tangu mwezi uliopita. Barafu kwenye boksi la chanjo itadumu siku moja na kidogo. Landrova ya wilaya iko juu ya mawe, haina matairi. Basi haliendi Mugeta. Baiskeli kwenye jua lile, na boksi lile, hapana.

Alirudi kwenye kazi yake kama sipo.

Alhamisi, 7 Machi

Musoma na kurudi kwa basi. Boksi mapajani safari nzima. Nimepata chanjo pungufu ya niliyoomba. Afisa alisema hata hiyo nishukuru.

Nimepita kwa Mazigo. Amekata na waya wa kulia. Tepe hakuna, amezungushia mpira wa tyubu. Mishikio yote miwili baridi. Nilifurahi. Yeye hapana. Akanifundisha kufunga boksi kwa mkanda wa tyubu, fundo la kufyatua kwa mvuto mmoja. Alinifanya nirudie mara nyingi mpaka nikaudhika. Galoni ya petroli kaifunga chini ya boksi, upande wa kushoto. Petroli ya kibali, ya kurudia, siwezi kuiacha. Mugeta haipatikani.

"Ukisikia harufu ya mpira," alisema, "usitafute inatoka wapi."

Mtu wa kutoka Mugeta kapita zahanati. Mwingine amekufa.

Ijumaa, 8 Machi

Mugeta. Naandika. Mkono wa kushoto umefungwa.

Niliondoka mapema, njia nzuri. Mishikio baridi. Nikaanza hata kuimba. Baada ya mto mkavu injini ikakohoa. Halafu harufu ya mpira. Nikajiambia ni tairi. Nikaendelea kidogo. Ujinga.

Moshi ukatoka kati ya magoti yangu. Mwembamba, mweupe. Nilisimama, funguo nikachomoa. Moshi haukukoma. Sketi ilishika moto kwenye pindo, nikaipiga kwa mkono. Kisha moto wenyewe, chini ya tangi, mdogo kama wa kibatari. Sikukimbia. Najua nilitakiwa kukimbia. Nilirudi nyuma ya pikipiki nikavuta mkanda. Boksi likaja. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeuegemeza kwenye galoni, ya chuma, sikusikia maumivu mpaka baadaye.

Nilikuwa bado nakimbia na boksi kifuani wakati galoni ilipolipuka. Sauti yake ilikuwa nzito, kama gunia limeangushwa. Mbuzi walitawanyika. Nikakaa chini katikati ya njia nikafungua boksi. Barafu ipo. Nikalia hapo, si kabla.

Mama mmoja mwenye kuni alitua mzigo wake kando ya njia, akachukua boksi kichwani. Hakuniuliza jina. Tulitembea. Hatukukutana na mtu, na kila kaya tuliyopita milango ilikuwa imefungwa.

Foleni ilikuwa inangoja mbele ya shule tangu asubuhi. Nilichoma sindano kwa mkono mmoja, yule mama akinishikia watoto. Chanjo ikaisha, foleni haijaisha. Wenye watoto waliobaki hawakugomba. Waliwabeba wakaondoka. Afadhali wangegomba.

Mzee Wambura alikuwepo, akipanga watu. Mjukuu wake sikumwona. Sikuuliza. Jioni nyumbani kwake, nyuma ya ghala, nimeona udongo mbichi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala kwa Wambura. Mkono unadunda. Mke wake amenipaka asali, amenipa uji. Kuhusu mjukuu hakusema lolote. Nilipomwambia pole aliitikia "asante," akaendelea kupepeta mtama.

Asubuhi wameniletea watoto wawili niliowachanja jana. Wana homa, macho mekundu. Jana walikuja na surua tayari mwilini. Sindano haiwezi kurudi nyuma. Nimewaeleza mama zao. Wamenisikiliza kwa adabu. Nadhani mmoja haamini.

Kabla ya mchana Mazigo alifika kwa baiskeli. Alikuwa ameambiwa tu kwamba pikipiki ya nesi imeungua. Njiani alikuta chuma tupu cha pikipiki. Mimi hakunikuta. Kutoka hapo hadi hapa alikuwa hajui kama niko hai.

Aliegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, akaiacha. Akanitazama usoni, halafu mkono, halafu usoni.

"Shemeji," alisema.

"Nipo."

Alikaa chini, mgongo ukutani, akaomba maji. Mke wa Wambura akamletea kikombe. Alikiinua, maji yakamwagika kifuani. Nilikaa karibu naye, nikakishika kikombe kwa mkono wangu mzima mpaka akamaliza kunywa.