Sufuria ya Pembeni

Jumatatu, 26 Mei 2025
Nimevimba tena! Uso, midomo, hata koo likaanza kubana. Asubuhi nilikunywa supu ya mbuzi kwa mama mkwe, mchana nikawa sitambuliki. Mara ya pili hii, na zote nimekula kwake. Kaka yangu Hussen hakungoja hata nipate nafuu. Kasimama uani anatangaza kwamba mama yake Nurdin, mume wangu, ananitilia sumu. Mama mwenyewe yupo, anasikia. Nilitaka kumkaripia Hussen, mdomo haukufunguka.

Alhamisi, 29 Mei
Lindi, hospitali. Daktari kaona makovu ya kupe miguuni. Nikamwambia nachunga mbuzi tangu utotoni, kupe wananiuma kila masika. Akasema ndicho chanzo. Mate ya kupe yana kitu ambacho kwenye nyama pia kipo. Mwili umeumwa mara nyingi hadi umekichukia, sasa ukikikuta kwenye nyama unapigana nacho. Aleji. Na haiji papo hapo, huchukua saa kadhaa. Mbuzi, ng'ombe, mchuzi wake — marufuku, koo likifunga nakufa. Samaki ruksa.

Kupe! Nimelia njia nzima kurudi nyumbani Rondo. Nyama nitaisahau. Namlilia mama mkwe.

Jumapili, 1 Juni
Nimemweleza Hussen, kacheka. Eti kupe aume mguu, uvimbe mdomo? Majirani wanamwamini yeye. Jana mama alimpa mtoto wa jirani kipande cha muhogo, mama mtu akaja mbio akaunyang'anya. Mama mkwe alibaki kashika bakuli tu. Roho imeniuma sana.

Jumamosi, 7 Juni — Idd
Mama kapika! Pilau ya mbuzi ya watu wote, na sufuria ndogo pembeni: samaki wa nazi na wali mweupe, vya kwangu mimi.

Hussen akapaza sauti. "Mmeona? Kapikiwa chake peke yake! Usile, Moza!"

Wageni wote wakatugeukia. Mama akaniwekea sahani mbele. "Kama unaogopa, mwanangu, acha. Sitakulaumu."

Nimekula mbele yao. Chote! Hadi vidole nimelamba.

Sasa niko chumbani. Wageni hawaondoki, wanasubiri nivimbe. Mama kakaa nje ya pazia, kila mara anauliza kama ni mzima. Namjibu mzima, mama.

Mdomo unawasha kidogo. Itakuwa pilipili. Sikumuuliza kama mwiko wa pilau ndio aliopakulia wali wangu.