Antena Yangu Haina Kosa

Vardø, Jumapili

Kaka Eilert,

Mimi mzima, ila upepo umeng'oa mlango wa banda. Nami nimechoshwa na hiyo hadithi yako kwamba antena yangu inapokea vizuri lakini haitumi. Antena ni moja, kaka! Inavyokupokea ndivyo inavyotuma kwako, na redio zetu zina nguvu sawa. Hata hivyo nilipanda paa kwenye theluji, nikakaza kila waya.

Jana nikakuita tena, nikakwambia Baba hawezi kuinuka kitandani. Ukajibu, "Sunniva, sikupati, rekebisha hiyo antena!" Basi nikampa jirani yetu Halvard kipaza sauti, redio ileile, antena ileile. Alipokuuliza habari za uvuvi ulimjibu papo hapo, mkapiga soga mpaka kahawa ikapoa. Halvard akaniangalia kwa aibu. "Dada, huyu anakusikia," akasema.

Baba alikuwa macho chumba cha pili. Aliposikia unacheka, aliniomba nisifunge mlango. Ule ugomvi wenu wa mashua ameshausamehe. Aliyekasirika ni mimi. Usinijibu kwa redio. Panda meli uje.

Dada yako,
Sunniva